Si kila wingu kifuani huleta mvua

Katika Barabara ya Morogoro, ndani ya mji wa Kibaha, kuna kituo ambacho makondakta hukitaja kwa sauti kutwa nzima: "Picha ya Ndege!" Anayeshuka hapo haendi kupigwa picha. Wa kupigwa picha hushuka Tumbi, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, akiwa na karatasi mkononi na kikohozi kifuani. Huko "picha" ina maana moja tu: vua shati, kaza kifua kwenye ubao, vuta pumzi, ishike, usitikisike, haya achia.

Kwa miaka mingi picha hiyo iliulizwa swali moja: mgonjwa ana nini? Ni kifua kikuu, nimonia, maji kwenye mapafu, au moyo uliotanuka? UVIKO-19 ilipoingia, likaongezeka swali la pili, gumu kuliko la kwanza: huyu atapona akiwa nyumbani, atahitaji oksijeni, au yuko hatarini kufa? Hapo daktari anaombwa abashiri. Wakulima wa korosho na mihogo wa Kisarawe wanaifahamu kazi hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima hakimbilii jembe kwa kuona wingu tu. Hutazama limetoka upande gani, na hukumbuka huu ni mwezi wa ngapi.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 16 Machi 2020. Muda si mrefu wagonjwa wakawa wanapelekwa Lulanzi, Kibaha, na Mloganzila, hospitali iliyojengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini na kufunguliwa Novemba 2017, pale Dar es Salaam inapokaribiana na Kibaha na Kisarawe. Mwanzoni mwa 2021 mitaani ugonjwa ukawa na jina la staha, "changamoto ya upumuaji", na majumbani nyungu zikachemka. Jina lilibadilika, mapafu hayakubadilika.

Ndani ya pafu zima kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Virusi vinapovishambulia, kuta zake huvimba na majimaji huingia mahali pa hewa. Mionzi ya eksirei hupenya hewa kwa urahisi, ndiyo maana pafu zima huonekana jeusi kwenye picha. Panapojaa maji mionzi huzuiwa, na pakaonekana weupe. CT-Scan huenda mbali zaidi. Huzunguka kifua, hukikata vipande vyembamba kama mkate, na kila nukta huipa namba: hewa hupewa hasi 1,000, maji sifuri. Pafu lenye afya hukaa karibu na namba ya hewa, na kadiri linavyougua ndivyo linavyosogea kuelekea namba ya maji. Hesabu za mashine hii zina mizizi Afrika: Allan Cormack alianza kuzifikiria mwaka 1956 akiwa katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971, na mwaka 1979 Cormack na Mwingereza Godfrey Hounsfield wakapewa Tuzo ya Nobel.

Wingu la nimonia ya virusi mara nyingi huwa hafifu, kama kioo cha basi la alfajiri kilichoshika ukungu: unaona kuna kitu nyuma yake, ila hukioni vizuri. Likizidi, huwa jeupe kabisa. Mwaka 2020 madaktari walianza kulipima kwa alama. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na eneo lililoathirika: chini ya asilimia 5 ni alama moja, zaidi ya asilimia 75 ni alama tano. Jumla ya juu ni 25. Utafiti mmoja wa Italia uliofanywa kwa wagonjwa 130 ulionyesha kwamba waliofikisha alama 18 na kuendelea walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Wasio na CT-Scan hawakuachwa. Mjini Brescia, Italia, ambako korona ilipiga mapema na kwa ukali, madaktari walitunga alama za eksirei ya kawaida. Mapafu hugawanywa maeneo sita, kila moja likapewa 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 18. Msomaji asichanganye: 18 ya Brescia ni kilele cha ngazi, 18 ya CT-Scan bado ina ngazi saba juu yake. Anayeandika "alama 18" bila kusema ni za kipimo kipi anampotosha mwenzake atakayempokea mgonjwa.

Je, wingu likiwa kubwa, hukumu imeshatoka? Hapana. Kwanza, ugonjwa una kalenda. Uchunguzi wa awali wa wagonjwa wa Wuhan uliona kwamba mabadiliko kwenye mapafu hufika kilele takriban siku ya 10 tangu dalili zianze. Aliyepigwa picha siku ya pili anaweza kurudi nyumbani na picha safi, akarudishwa wiki ijayo hajiwezi. Pili, nchi yetu imo kati ya mataifa 30 yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kovu la kifua kikuu cha zamani nalo ni jeupe, na msomaji wa haraka anaweza kulihesabu kama ugonjwa wa leo. Tatu, wingu halitaji jina la kirusi. Korona na mafua makali huweza kuacha alama zinazofanana.

Nne, picha haijui umri wa mtu wala sukari yake. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walitoa kipimo cha kubashiri vifo kiitwacho 4C, chenye alama hadi 21. Humo mna umri, jinsia, maradhi mengine, kasi ya kupumua, oksijeni, hali ya fahamu na vipimo viwili vya damu. Picha haimo, na bado kilibashiri vizuri.

Wapo waliotumaini kwamba kompyuta ingekata mzizi wa fitina. Programu za akili bandia za kusoma picha za kifua zilimiminika. Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na watafiti wa Cambridge ilichambua kwa kina tafiti 62 kati ya zaidi ya 2,000 zilizokusanywa, na haikuona hata moja iliyokuwa tayari kutumika kwa mgonjwa. Kasoro mojawapo ingewachekesha hata wanafunzi: baadhi ya programu zilifunzwa kwa picha za watu wazima wenye korona na picha za watoto wasio nayo. Kompyuta ikajifunza kumtofautisha mtoto na mtu mzima.

Turudi kwetu. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa IMF, na sehemu yake ikawa ya kununua mashine za CT-Scan kwa hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa. Lakini mzee anayeugua Mafizi au Vikumburu, ndani kabisa ya Wilaya ya Kisarawe, haanzii kwenye CT-Scan. Huanzia zahanati, na huko utabiri hufanywa kwa vitu viwili: saa yenye mshale wa sekunde na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Mtu mzima anayevuta pumzi zaidi ya mara 30 kwa dakika, au mwenye oksijeni chini ya asilimia 90, ana ugonjwa mkali kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Haihitajiki picha kumpandisha gari.

Kifaa hicho nacho kina hila yake, na inatuhusu sisi hasa. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyofanya kwa weupe. Kwa hiyo muuguzi akiona 93 kidoleni mwa mzee anayehema kwa shida, ayaamini macho yake kuliko namba.

Kubashiri mapema kuna faida pale tu panapokuwa na la kufanya. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Kumjua nani yuko kundi lipi ndiko kunakoamua nani apewe dawa na nani alale karibu na mtungi.

Ndiyo maana karatasi ya rufaa ina uzito ambao wengi hawaupi. Tabibu wa zahanati akiandika tu "kikohozi, apigwe picha", daktari wa Tumbi atapokea wingu lisilo na upande wala mwezi. Akiongeza mstari mmoja, siku ya ngapi ya kuugua, pumzi ngapi kwa dakika, oksijeni asilimia ngapi, na kama mzee aliwahi kutibiwa kifua kikuu, picha ileile itasomeka vingine. Mstari huo unaandikwa kwa kalamu ya kawaida, kabla bodaboda haijawashwa.