Makadara Isiyo na Bahari

Nilipanda gari la moshi peke yangu stesheni kuu ya Nairobi, nikashuka Makadara. Msomaji wa Mombasa asishangae: Makadara, Kaloleni, Majengo, yote yako huku pia.

Nikaenda kwa miguu hadi Pumwani, mtaa wa tangu mwanzo wa miaka ya 1920. Hapa Kiswahili kina wenyewe. Wazee wa wengi wao walikaa Pangani ya Nairobi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilipowavunjia nyumba, ikawahamishia Shauri Moyo.

Baada ya Adhuhuri, mzee mmoja msikitini aliniuliza, “Kwenu wapi, shekhe?”

“Mombasa.”

“Karibu. Nasi Waswahili, ila bahari yetu Mto Nairobi.”

Sikumbishia.