Mchoraji asimame kando ya picha yake



Siku hizi mashirika mengi yanaandaa maonyesho ya picha katikati ya watu: katika uwanja wa shule, kando ya soko, ndani ya ukumbi wa parokia. Picha zinatundikwa kwenye kamba, watu wanapita, wengine wanacheka, wengine wanasikitika, kisha kila mtu anarudi kwake. Sisi tunaofanya kazi hiyo pamoja na wachoraji wa hapa Kivu tunaona kwamba nusu ya kazi haiko kwenye kamba. Iko katika maneno ambayo mchoraji anasema akiwa amesimama kando ya picha yake, na katika maneno ambayo watu wanamjibu. Tunapenda kueleza hapa kwa nini iko hivyo, na namna gani maneno hayo yanatayarishwa, kwa maana yanaweza kuponya na yanaweza kuchoma.

Ukumbusho

Wapo wanaofikiri kwamba mchoraji kueleza picha yake mbele ya watu ni jambo lililoletwa na miradi ya Wazungu. Sivyo. Katika miaka ya 1970, nchi yetu ilipoitwa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba, watu wa kawaida wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikuwa wakinunua picha zilizochorwa kwa mkono na kuzitundika sebuleni. Mara nyingi kitambaa kilikuwa cha mfuko wa unga. Wengine walinunua mamba-muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Wengine walinunua picha iliyoitwa Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa fimbo, ofisa Mzungu anatazama, na bendera ya Ubelgiji inapepea juu yao.

Mtu atauliza: nani anapenda kuona baba yake akichapwa kila wakati anapokula bugali? Watu wa Shaba walikuwa na jibu, nalo ni neno moja, ukumbusho. Mgeni anaingia, anaona picha, anauliza. Mwenye nyumba anaeleza. Mzee anaongeza lililosahauliwa. Mtoto aliyeketi pembeni anasikia. Picha ilitundikwa ili maneno hayo yapate kusemwa, na watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha hizo wakati huo, walilichukua neno ukumbusho kama walivyolikuta kwa watu wenyewe.

Mfano mkubwa ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimpelekea Fabian, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu mjini Lubumbashi, picha 101 zinazosimulia historia ya nchi yetu tangu zamani za mababu. Hakuziacha tu mezani. Alizieleza moja moja, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na maneno yake yakarekodiwa. Alijiita mwanahistoria. Katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961, aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Mtu asiyemsikia atadhani ni makaburi tu. Tshibumba alieleza kwamba kwake yeye Lumumba alikuwa kama Yesu wa Zaire, na hapo picha inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna habari zake tena. Lakini maneno yake yalitolewa kitabuni pamoja na picha mwaka 1996, na ni kwa sababu hiyo bado tunajua alitaka kusema nini.

Kule Kinshasa, Chéri Samba, aliyeanza kazi kwa kuchora mabango, alifuata njia nyingine. Aliona watu wanapita mbele ya picha bila kusimama, akaanza kuandika maneno ndani ya picha yenyewe. Mtu akisimama asome, basi amekwisha kukamatwa.

Njiwa na mikono miwili

Wachoraji tunaosindikizana nao wengi wao ni watu wa mabango pia: saluni, duka la dawa, gari la abiria. Wako pia akina mama wanaoshona picha kwa uzi juu ya kitambaa, kazi ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa ni sanaa, jambo ambalo si haki. Mara ya kwanza ukimwambia mmoja wao, « Eleza picha yako », anajibu kwa maneno mawili: « Hii amani. » Ukiangalia, kuna njiwa, kuna mikono miwili inashikana, kuna ramani ya Congo nyuma. Anachora hivyo kwa sababu anadhani ndivyo shirika linavyotaka, na tuseme ukweli, mara nyingi ndivyo mashirika yanavyotaka. Wafadhili wanaipenda picha hiyo. Lakini mbele yake hakuna mtu anayesimama. Mama aliyelala usiku tatu porini na watoto hana swali la kumwuliza njiwa.

Kwa hiyo hatumwambii mchoraji achore amani. Tunamwomba achore kitu kimoja alichokiona kwa macho yake, kisha atueleze.

Kijana mmoja aliyehama kutoka Masisi alichora nyumba ya mbao imefungwa kwa kufuli. Mbele yake kuna njia, na katika njia mama anaonekana kwa mgongo, amebeba sufuria kichwani, mtoto ameshika kuku kwapani. Shingoni mwa mama kuna kamba yenye ufunguo. Picha haina bunduki, haina moshi. Siku ya maonyesho kijana hakuanza na vita. Aliwauliza watu kwanza, « Munaona nini? » Watoto walitaja kuku. Bibi mmoja alitaja ufunguo. Ndipo kijana akasema kwamba watu walifunga milango kwa sababu walifikiri watarudi kesho yake.

Wanawake watatu wakafungua fundo la kitenge na kuonyesha funguo zao. Mama mmoja wa familia zilizopokea wageni akasema hakujua kwamba hawa wageni walikuwa na nyumba zenye kufuli. Alidhani wamezoea hema. Mpaka hapo tulikuwa tunafurahi. Kisha mwanaume mmoja akasema kwa sauti kutoka nyuma: « Nyumba hiyo ina mtu ndani. Ninamjua jina. »

Uwanja ukanyamaza. Kila kiongozi anayetusoma anajua neno hilo lina uzito gani. Vita vyetu vingi hapa Kivu vinapita ndani ya nyumba na mashamba: nani aliondoka, nani aliingia, nani ana karatasi, nani ana kaburi la babu yake mahali pale. Jina moja likitajwa mbele ya watu mia mbili, kesho yake kuna mtu hatalala kwake. Mzee wa mtaa, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, alisimama. Hakumgombeza yule papa. Alimwambia, « Papa, neno lako ni la kweli na lina mahali pake. Jina utanipa mimi na kamati ya mapatanisho, leo hii, si hapa. » Wakaenda pembeni, jina likaandikwa. Kijana akaendelea kueleza picha yake.

Sasa angalieni: picha ya njiwa isingeleta swali hilo hata kidogo. Swali hilo lilikuwepo tayari ndani ya vifundo vya vitenge. Picha ililitoa nje mchana, mahali ambapo kuna mzee wa kulipokea. Ndiyo maana tunaomba viongozi wakae mstari wa mbele mpaka mwisho, wasije tu kwa hotuba ya ufunguzi halafu wakaondoka na soda yao.

Yale tunayozungumza na mchoraji kabla

Tunaketi na kila mchoraji siku kadhaa kabla, anatueleza picha yake kwa sauti kama atakavyoieleza uwanjani. Tunasikiliza zaidi kuliko kuangalia. Mara nyingine shida iko katika alama. Mchoraji anasema, « Sikutaja kabila la mtu. » Lakini amechora ng'ombe, fimbo ndefu na kofia ya namna fulani, na hakuna asiyejua anayesemwa. Au amemvalisha mwuaji nguo ambazo watu wa upande mmoja tu wanavaa. Tunamwuliza: mtoto wa watu hao akisimama hapa, utamweleza nini? Wengine wanabadilisha wenyewe. Mmoja alikataa, akasema ndivyo alivyoona, na hatuna haki ya kumwambia hakuona. Tulikubaliana aieleze picha hiyo ndani ya kikundi kidogo, pamoja na wazee wa pande zote mbili, si sokoni.

Jambo ambalo hatulizungumzi mara mbili ni uso wa mtu aliyetendewa ubaya. Mwanamke aliyebakwa, mtoto aliyekuwa askari: hachorwi akatambulika, hatajwi, hata kama mchoraji ana nia nzuri, hata kama mhusika ni ndugu yake.

Kuna simu pia. Zamani picha ilibaki ukutani na mwenye kuieleza. Leo kijana anaipiga kwa simu, na baada ya dakika tano iko katika vikundi vya WhatsApp Bukavu, Kampala na Ubelgiji, bila sauti ya mchoraji, na kila mtu anaitilia maneno yake. Hatuwezi kukataza simu zote. Tunawaomba wachoraji waandike maneno machache chini ya picha, kwa Kiswahili, namna Chéri Samba alivyofanya, ili popote itakapokwenda ibebe sauti kidogo ya mwenyewe.

Kwa viongozi tunaongeza ombi. Ni haki yenu kuona picha kabla ya siku na kuuliza maana yake. Mkiona hatari, semeni, tutafute saa nyingine au mahali pengine. Lakini msimwamuru mchoraji afute na kuchora upya. Picha iliyochorwa kwa amri watu wanaitambua mbali, na mara hiyo wanaacha kuzungumza.

Mahali na mali

Mnajua kwamba mwezi wa Februari 2025 kambi kubwa zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa, na watu wakatawanyika: wengine vijijini, wengine kwa ndugu, wengine ndani ya makanisa na shule. Basi maonyesho hayawezi kungoja kambi wala ukumbi. Tunawashauri wachoraji wafanye kazi ndogo, juu ya kitambaa bila fremu, inayokunjwa ndani ya kitenge na kubebwa pamoja na sufuria. Kamba moja kati ya miti miwili inatosha kwa picha kumi.

La mwisho ni mali. Picha ni ya aliyeichora. Shirika likitaka kuibakiza kwa ofisi yake, au kuitia kwenye kalenda na ripoti, lipatane naye bei mbele ya shahidi, karatasi iandikwe kwa lugha anayoisoma, na alipwe kabla kamba haijafunguliwa. Kitambaa na rangi tulizompa hazihesabiwi kuwa malipo. Akikataa kuuza, anaikunja na kuondoka nayo.