Mvua Ikianza, Kwelea Ana Njaa



Hapa Adams Arcade, masika yakianza, kumbikumbi hujaa usiku kwenye taa za stima kando ya Ngong Road. Kukicha, ndege hushindania waliobaki. Ndiyo maana wengi wetu hudhani mvua ni karamu kwa kila kiumbe. Si hivyo.

Tuanze na wanyama. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia wa Mbuga ya Nairobi hutoka kwenda nyanda za Kitengela kula nyasi changa. Kiangazi hurudi kufuata maji. (Siku hizi nyua na ploti zimewafungia njia, lakini hayo tuyaache.) Mvua ikikosa kabisa, basi ni kilio: kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu mizoga ya nyumbu 512 na ndovu 205 nchini.

Lakini anayetuhusu sisi wenye mashamba ni kwelea, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu. Yeye hula mbegu za nyasi. Kiangazi mbegu zimelala mchangani, anadonoa tu. Mvua ikishuka, mbegu zinaota, na ghala lake limekwisha kwa siku chache! Kundi zima linahama. Majuma kadhaa baadaye, nyasi mpya zikianza kuzaa, ndipo wanapojenga viota kwa maelfu kwenye miti ya miiba. Tangu yai hadi kinda kuruka haifiki mwezi mmoja.

Kwa hivyo mvua nzuri huleta kwelea wengi, na mbegu za porini zikipungua wanageukia mtama, ngano na mpunga. Mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Ndege 100,000 ni tani nzima! Wakulima wa mpunga wa Kisumu waliyaona hayo Januari 2023.

Basi mkipanga zamu za kufukuza ndege, msingoje nafaka ikauke. Anzeni ikiwa na maziwa. Pandeni kwa wakati mmoja, maana shamba lililochelewa peke yake ndilo hubeba kundi lote. Na serikali ikinyunyiza dawa, msiokote ndege waliokufa kwa kitoweo, wala msiwape mbwa. Sumu ile haiishi kwa kwelea. Hata mwewe akiwala huweza kufa.