Jiko la Kigujarati: Viungo kwa Zamu

India haina jiko moja. Kerala hupikia mafuta ya nazi, Bengal husifika kwa samaki na mafuta ya haradali, nayo Gujarat, jimbo la magharibi, mlo wake umesimama juu ya nafaka, mboga na jamii ya kunde. Wagujarati wengi hawali nyama kabisa. Baadhi yao walivuka bahari zamani wakaweka maskani Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na jiko lao wakaja nalo.

Utalijua jiko hilo kwa kopo la duara lenye vibakuli vidogo, kwa kawaida saba. Humo mna haradali, binzari nyembamba, manjano, pilipili ya unga na giligilani iliyosagwa pamoja na binzari nyembamba. Mvuje huwekwa mbali, kwenye kopo lake lenye kifuniko cha kubana, maana harufu yake haina mipaka. Pwani yetu wazee huufahamu zaidi kama dawa na kinga ya watoto. Huko Gujarat mvuje ni kiungo cha kila siku, chembe tu, na husifiwa kwa kutuliza gesi ya dengu na mbaazi.

Dali ya nyumbani huonyesha kazi ya kopo hilo. Mbaazi zilizokobolewa huchemshwa hadi zipondeke, zikatiwa manjano, tangawizi, ndimu na sukari guru, kwa kuwa Wagujarati hupenda utamu ndani ya uchachu. Kisha mafuta au samli hupashwa pembeni. Haradali hutangulia. Ikianza kupasuka, binzari nyembamba hufuata, halafu mvuje, na pilipili ya unga huja mwisho kabisa, kwani huungua upesi. Mafuta hayo humiminwa kwenye dali na sufuria hufunikwa papo hapo. Harufu nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, ndiyo maana hatua hii hairukwi.

Dini nayo ina sauti jikoni. Wajaini washika dini hawagusi vitunguu, vitunguu saumu wala viazi: kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vidogo vya udongoni. Mvuje huwapa ladha inayokaribia ya kitunguu. Wahindu wanaofunga siku ya Ekadashi, mara mbili kila mwezi mwandamo, huacha nafaka na jamii ya kunde, wakatumia chumvi ya mawe. Siku hiyo kiazi kilekile anachokikataa Mjaini ndicho huwashibisha wao.

Hata hivyo, mila hizi hazikuziba mlango. Pilipili yenyewe ni mgeni kutoka bara la Amerika, aliyeletwa na Wareno katika karne ya 16; kabla yake ukali ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi.

Anayetaka kujifunza mapishi haya nyumbani asianze na unga wa mchuzi wa paketi, kwa sababu humo viungo vyote huingia chunguni kwa pamoja. Mbaazi zimejaa sokoni. Nunua haradali na binzari nyembamba nzima, kidogo kidogo, uzikaange kwa zamu. Ukishajua zamu ya kila kiungo, ndipo uongeze kingine.