Mbeleko Haileti Matege

“Utampinda mtoto miguu.” Mama gani wa mbeleko hajaambiwa hivyo? Na anayesema ni shangazi aliyebebwa vivyo hivyo, na anatembea wima.

Si kweli. Watoto huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa kujikunja tumboni, nayo kwa kawaida hunyooka wakikaribia miaka miwili. Matege yasiyoisha mara nyingi huletwa na upungufu wa vitamini D au kalisi. Tena mkao wa mbeleko, mapaja yametanuka, magoti juu kidogo ya makalio, husaidia nyonga ikae sawasawa. Kinachoidhuru ni kumviringisha mtoto miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja.

“Kibebeo cha dukani ni bora kuliko kanga.” Hapo usiharakishe. Snugli, mojawapo ya vibebeo vya kifuani vilivyovuma Marekani, kilitokana na muuguzi Ann Moore, aliyewaona akina mama wa Togo wakibeba watoto katika miaka ya 1960. Kwa hiyo hicho cha dukani ni mjukuu wa mbeleko yetu, na wajukuu wengine hawakufuata ukoo: vina kiti chembamba, miguu inaning'inia. Chagua ambacho kitambaa chake kinafika goti hadi goti. Ukitumia kanga, iwe ya pamba na isiwe imechakaa hadi unaona mwanga ukiinyoosha. Kitambaa cha kuteleza hulegeza fundo njiani.

“Mfunike gubigubi, asipigwe na upepo.” Si kweli, na hapa sikubaliani na bibi hata kidogo. Machi 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko za begani: vifo visivyopungua 14 katika miaka 20, na 12 kati yake ni vya watoto wa chini ya miezi minne. Mtoto huyo hawezi kujiinua. Kidevu kikigusa kifua, hewa inabanwa; pua ikizibwa na nguo, hana nguvu ya kugeuka, wala halii. Kwa hiyo mpaka shingo ikaze, mbebe kifuani, wima, uso wake ukiuona, vidole viwili vikipita chini ya kidevu. Mgongoni atahamia baadaye.

“Atazoea mikono, atakuwa mlizi.” Si kweli. Utafiti uliofanywa Montreal mwaka 1986 ulikuta watoto waliobebwa zaidi walilia kidogo kuliko wenzao walipofika wiki sita.

“Njiti asiguswe, alazwe tu.” Si kweli kabisa. Kumfunga kifuani ngozi kwa ngozi kulianza Bogotá mwaka 1978, na utafiti wa 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa kuanza mapema kunapunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo. Mama akichoka, baba anapokea. Ila avue shati kwanza.