Mizizi midogo midogo ya mgomba

Malori yaliyosheheni matooke huingia Kampala kutoka Mbarara, Isingiro na kwingineko magharibi mwa Uganda, yakielekea masoko kama Kalerwe na Nakawa. Mbarara iko takriban kilomita 270 kutoka jijini. Zamani mkungu haukusafiri mbali hivyo, kwa kuwa Buganda yenyewe ilikuwa ghala la ndizi. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba ya katikati mwa nchi yalizidi kudhoofika, na sehemu kubwa ya masaibu hayo ilitokea udongoni, kwenye mizizi ambayo ni vigumu kuiona na vigumu hata kuitaja.

Kiswahili kimelitwika neno mzizi kazi nyingi. Mganga huchemsha mizizi. Mwanaisimu hutenganisha mzizi wa neno na shina lake. Wazee wanaopatanisha majirani hutafuta mzizi wa fitina, nao katika msemo huo ni mmoja, mnene, wa kung'olewa kwa mkupuo. Mwembe una mzizi wa namna hiyo, ndio unaoitwa mzizi mkuu.

Mgomba hauna. Kwenye tunguu lake hutoka mamia ya mizizi yenye unene wa kalamu ya risasi. Kila mmoja huzaa matawi membamba, nayo huzaa membamba zaidi, mpaka kufikia vinyweleo ambavyo jicho huviona kwa taabu. Maji na chakula vingi huingia kupitia hiyo midogo. Na mingi imekaa juujuu, ndani ya sentimita 30 hadi 40 za kwanza za udongo. Jembe la mpaliliaji asiye mwangalifu huikata bila yeye kujua.

Iitweje, basi? Ngeli ya udogo ingetupa kizizi, lakini atakayelisikia neno hilo huenda akafikiria zizi dogo la ng'ombe. Kijizizi ni wazi zaidi, na linafaa kitabu cha shule. Hata hivyo, mizizi midogo midogo ina utamu wake: huko kurudia kunaonyesha wembamba na wingi kwa pamoja, na ndivyo mambo yalivyo chini ya mgomba. Waganda wana emirandira, neno linalosikika jirani na okulanda, yaani kutambaa kama mmea. Mizizi ya mgomba hutambaa kweli, na mingine hufika mita kadhaa kutoka kwenye tunguu.

Suala hili si la wapenda kamusi peke yao. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Wakiso anayejifunza lugha hii anastahili kupata ndani yake jina la kitu kinacholisha shamba la bibi yake.

Adui wa mizizi hiyo wana majina. Kayovu, yaani fukusi wa migomba, hutaga mayai kwenye tunguu na viluwiluwi wake hulitoboa. Minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, Radopholus similis, hula nyama ya mizizi mpaka igeuke rangi ya damu iliyoganda na kuoza. Mgomba hubaki umesimama, majani ya kijani, mkungu ukizidi kujaa. Upepo mmoja wa mvua huuangusha wote mzimamzima, na lawama huenda kwa upepo. Katika kituo cha utafiti cha Kawanda, kando ya barabara ya Bombo, wataalamu wamewachunguza fukusi na minyoo hao kwa miongo kadhaa.

Viazi vitamu navyo vina lao la kusema. Kila kiazi kilianza kama mzizi mwembamba. Baadhi ya mizizi hiyo hunenepa kwa wanga, mingine hukakamaa na kubaki kamba.

Kwa mgomba ulioshambuliwa na fukusi na minyoo, tiba mojawapo ni rahisi ajabu. Chipukizi hung'olewa, kisu kikali kikaondoa mizizi yote na ganda la tunguu hadi nyama nyeupe itokeze. Kisha huzamishwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, na kupandwa mahali pasipo na minyoo. Mizizi mipya hutoka yenyewe kwenye tunguu hilo lililonyolewa, myeupe na laini.