Kufuli la Mpangaji na Haki ya Mayatima

Katika nyumba moja ya vyumba sita mjini Katoro, mkoani Geita, mlango wa tatu ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa miezi minne. Mpangaji wake, kijana mchimbaji mdogo, alisikia kuwa kuna rashi mahali fulani, akaondoka usiku na wenzake. Simu haikupatikana tena. Mwenye nyumba ni mama mjane mwenye watoto wadogo watatu, mmoja wa kiume na wawili wa kike. Alipotusimulia, hakuanza na fedha. Alituuliza: “Nikilivunja kufuli lile nikauza vilivyomo, nitakuwa nimechukua haki yangu, au nimeiba?”

Swali hili linawagusa wengi. Toka Kahama hadi Geita, kodi ya nyumba hupanda na kushuka pamoja na dhahabu. Mchimbaji mdogo halipwi kwa mwezi. Hulipwa duara linapotoa. Hata mwenye ajira hana uhakika. Mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi, na wapangaji waliokuwa wakilipa bila kukumbushwa wakageuka wadaiwa. Mwaka 2021 uchimbaji wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, nao ukafikia mwisho.

Ndiyo maana sharia inatutaka kwanza tumjue mdaiwa wetu. Aya ya 280 ya Sura Al-Baqara inaagiza kuwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni kheri zaidi. Lakini Mtume (s.a.w.) amefundisha pia kuwa tajiri anayechelewesha deni anadhulumu. Basi mwenye nyumba asimhukumu mpangaji kabla ya kumtafuta na kumsikiliza.

Kwa mama huyu lilikuwapo jambo zito zaidi. Nyumba ile ni mirathi. Wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia, hivyo yeye ana thumuni moja, na saba zilizobaki ni za watoto. Kodi nayo hufuata mgawanyo huo. Fungu lake anaweza kulisamehe. La mayatima si lake kulitoa sadaka, hata huruma ikimzidi. Vilevile, vitu vilivyofungiwa chumbani ni mali ya mtu. Deni halivigeuzi kuwa vya mwenye nyumba.

Tunasikia wapo wanaoezua bati juu ya kichwa cha mpangaji, wanaong'oa mlango, au wanaotupa vyombo barabarani. Huko ni kulipiza dhulma kwa dhulma, na sheria ya nchi haiwalindi. Njia ipo: aanze kwa uongozi wa mtaa au kitongoji, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kuamua.

Mama yetu alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na imamu wa msikiti akasaidia kuuliza kwa wachimbaji. Baada ya wiki tatu kijana akapatikana, akaja. Duara alilolifuata lilikuwa limetoa maji na mawe matupu. Kufuli alilifungua mwenyewe mbele ya mashahidi.

Ndani mlikuwa na godoro, viroba viwili vya mawe, na karai lenye masalia ya zebaki. Hapo mama alikasirika kwa mara ya kwanza. Kumbe kijana alikuwa akichomea dhahabu chumbani, ukuta mmoja na walipolala watoto! Mvuke wa zebaki hauonekani, nao hudhuru ubongo na figo, na wanaoumia zaidi ni watoto na mimba zilizo tumboni. Deni linaweza kungoja, madhara hayangoji. Mpangaji anayechoma zebaki nyumbani azuiwe siku hiyo hiyo, hata kama kodi ameilipa ya mwaka mzima.

Wakaandikiana. Deni lilikuwa shilingi 120,000. Mama alisamehe thumuni yake, shilingi 15,000. Zilizobaki, shilingi 105,000 za watoto, zilipwe kwa awamu tatu. Kijana akakabidhi chumba na kuchukua vitu vyake vyote. Tunapoandika haya, awamu ya kwanza imelipwa. Ya pili bado.

Ndugu zetu wenye nyumba, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kukabidhi ufunguo, andikeni mkataba kwa mashahidi: kodi, muda wa notisi, namba ya simu ya ndugu wa mpangaji, la kufanywa akitoweka, na katazo la zebaki. Aya ya 282 ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni. Nanyi wapangaji, kumbukeni kuwa nyuma ya mlango mnaoufunga na kuondoka huenda wapo mayatima wanaongoja unga.

Allah (s.w.) ndiye Mjuzi zaidi.